Usiache mbachao: injini ya gari la kale na busara ya mwenyewe

Peugeot 504 ni gari ambalo Mkenya yeyote aliyesafiri katika miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kuelezwa habari zake. Lilikuwa gari la wakubwa serikalini na la mfanyabiashara aliyejaliwa, na lile la safu tatu za viti liligeuka teksi ya masafa marefu iliyowapakia abiria Nairobi na kuwashusha Nakuru kabla chai ya saa nne haijapoa. Leo yamebakia machache. Baadhi yameoza nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake. Lakini katika miaka hii ya karibuni pameibuka watu, vijana kwa wazee, wanaoyaburura kutoka vichakani, wakayapiga rangi, wakayashona viti, na kuyarudisha barabarani kwa fahari kubwa.

Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, pana swali moja linalowakanganya wengi wao, na ambalo majibu yake yamekwisha kuyaharibu magari mengi kuliko kutu yenyewe: gari hili litiwe injini gani? Mwenye gari hufika gereji akiwa na fedha zake mkononi, na kabla hajaketi huwa amekwisha kushauriwa aing'oe injini ya Kifaransa, aitupe kwa bei ya chuma chakavu, na badala yake atie injini ya Kijapani iliyokwisha kutumika, ambayo inapatikana pale pale Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Ushauri huo hutolewa kwa haraka na hupokewa kwa haraka. Sisi tunaonelea kwamba mara nyingi ni ushauri mbaya, na tunaomba msomaji atuvumilie tueleze ni kwa nini.

Kwanza, tujue ni kitu gani kinachotupwa. Gari la 504 lilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatunukiwa heshima ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Mwanzoni lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,796. Haukupita muda mrefu injini hiyo ikakuzwa hadi 1,971, kwa kupanuliwa kipenyo cha silinda kutoka milimita 84 hadi 88 huku mwendo wa pistoni ukibakia milimita 81. Ile ya kabureta ilitoa nguvu za farasi 93 hivi. Leo idadi hiyo huwachekesha vijana. Lakini waundaji wake hawakuwa wakitafuta sifa za kasi. Walitaka injini inayovuta mapema, na ndiyo maana mvuto wake mkubwa hupatikana injini ikizunguka mara 3,000 hivi tu kwa dakika. Dereva aliyepanda mlima na abiria saba na magunia juu ya paa anajua faida yake.

Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwa mtu mwenye mfuko mwembamba, injini hiyo iliundwa ili ifufuliwe. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Kila pistoni hukaa ndani ya laina yake, mfano wa kikombe kisicho na kitako, inayozungukwa na maji na inayoweza kutolewa na kurudishwa nyingine mahali pake. Injini nyingi zikichakaa silinda hulazimu kupelekwa kwenye mashine zipanuliwe, na bloku haiwezi kupanuliwa zaidi ya mara chache kabla ya kuwa nyembamba mno. Hii yetu hutolewa laina kuukuu na pistoni zake, ikatiwa mpya, na kwa upande wa silinda ikarudi katika vipimo ilivyotoka navyo kiwandani. Waama, ni vigumu kuifikiria injini inayoifaa nchi yenye mafundi wengi na mashine chache kuliko hii.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwani hoja zao si za kipuuzi. Wanasema spea za Kifaransa ni adimu na ghali, ilhali za Kijapani zimejaa kila kichochoro. Wanasema injini mpya mpya hunywa petroli kidogo na huwaka asubuhi bila kubembelezwa. Wanasema fundi kijana wa leo hajawahi kufungua kabureta, na kwamba hakuna haja ya mtu kuwa mtumwa wa historia. Tena wako watakaotukumbusha kwamba hata Peugeot wenyewe walibadilisha injini: gari la 504 lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson lilikuwa na silinda nne, lakini lile la Jean-Pierre Nicolas lililoshinda mwaka 1978 lilikuwa la milango miwili na lilitumia injini ya V6. Ikiwa mwenye gari alibadilisha, mbona sisi tukatazwe?

Hoja hii ya mwisho inajijibu yenyewe. Kiwanda kilipotia V6 katika gari lile hakikutia injini pekee. Kilipima uzito wake, kikarekebisha springi, breki, upoozaji wa maji na gia, na mashindanoni kilipeleka mafundi na spea kulifuata gari njia nzima. Mwenye 504 wa Umoja au wa Kisauni hana kiwanda nyuma yake. Ana fundi mmoja, spana zake, na Jumamosi mbili.

Na hapo ndipo gharama iliyofichika inapoanza kujitokeza. Injini ya 504 haikusimama wima. Imelazwa ubavu kwa pembe ya nyuzi 45, ili boneti iwe chini. Ile ya kigeni husimama, kwa hiyo mahali pa kuishika lazima pakatwe na kuchomelewa upya, na pengine sampu ya mafuta igongane na chuma cha mbele. Tena katika saluni ya 504 shafti ya kupeleka nguvu nyuma haining'inii wazi kama ya magari mengine. Imefunikwa na bomba la chuma lililofungwa kwenye gia upande mmoja na kwenye difu upande wa pili, vyote vikawa kama mfupa mmoja. Anayebadilisha injini pamoja na gia anauvunja mfupa huo, na lazima abuni mwingine. Baada ya hapo kuna rejeta, nyaya za umeme, pampu ya petroli ikiwa injini mpya haitumii kabureta, mfumo wa klachi, bomba la moshi, na hata saa ya kuonyesha mwendo ambayo haitasema kweli tena. Yule aliyeambiwa kwamba injini ni bei kadha hakuambiwa kwamba injini ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa chungu kinachovunjika ni gari lenyewe.

Hatujagusa suala la usalama. Gari ni mizani. Breki, springi, matairi na usukani vilipimwa kwa kuzingatia nguvu za farasi 93 na uzito fulani mbele. Mtu akiongeza nguvu hizo maradufu na kuziacha breki za miaka hamsini iliyopita, ameunda chombo kinachoweza kukimbia lakini hakiwezi kusimama. Atakapogundua hivyo hatakuwa gereji. Atakuwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu, mbele yake lori. Shilingi ya kwanza ya mwenye gari la kale yapasa iende kwenye breki, ya pili kwenye matairi, na ya tatu ndipo iende kwenye injini. Anayeugeuza mpango huo anacheza na roho yake na za wenzake.

Kadhalika kuna sheria. Nambari ya injini na ujazo wake huandikwa katika hati za usajili wa gari. Anayebadilisha injini anawajibika kuarifu mamlaka ya usajili, ambayo tangu mwaka 2012 ilipoundwa ni NTSA, ili hati zirekebishwe. Wengi hawafanyi hivyo. Siku gari litakapokaguliwa na nambari zisiafikiane, mwenyewe atajikuta akieleza mbele ya askari kwamba yeye si mwizi, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kuuliza ni gari gani hasa iliyolikatia bima. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi afanyeje mtu mwenye 504 iliyochoka? Ushauri wetu ni kwamba aanze kwa kupima. Kipimo cha mgandamizo wa silinda hakichukui hata saa moja, nacho husema mengi. Silinda zote nne zikisoma chini lakini zikilingana, injini imezeeka tu. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, pengine ni valvu au gasketi, na dawa yake si kununua injini nyingine. Aghalabu magari yanayohukumiwa kifo hospitalini mwa mafundi huwa yanaumwa na kabureta chafu, distributa iliyolegea, au rejeta iliyoziba kwa uchafu wa maji ya mtoni.

Ikithibitika kwamba injini yahitaji kufumuliwa na kuundwa upya, ile kazi ambayo mafundi huiita ovaholi, mwenye gari ajiulize swali moja kabla ya jingine lolote: gari hili litafanya kazi gani? Ikiwa ni la kwenda kazini, kanisani au msikitini, na kuwatembelea wazee mashambani mara moja kwa mwezi, basi aliunde kama lilivyotoka kiwandani, tena kwa uangalifu. Mjini kasi ya juu inayoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kamshafti kali za mashindano, zinazotoa nguvu injini ikizunguka mbio mno, huifanya injini itetemeke na kukohoa kwenye msongamano wa magari, na huinyima ule mvuto wa chini uliokuwa sifa yake. Kabureta kubwa kupita kiasi nayo huongeza matumizi ya petroli kabla haijaongeza kitu kingine. Jambo linalofaa kwa dereva wa mashindano si lazima limfae anayepeleka watoto shule.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilizingatii sana, nalo ni mwinuko wa nchi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko Limuru ni zaidi ya mita 2,000. Hewa ni nyembamba. Injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja katika kila sita ya nguvu zake ikiwa Nairobi, kwa hiyo zile farasi 93 za kiwandani hubakia kama 78 hivi. Fundi mwerevu hushawishika kuongeza uwiano wa mgandamizo ili arudishe kilichopotea, na Nairobi injini hiyo itaimba vizuri. Lakini gari hilo hilo likiteremka hadi Mombasa, kwenye hewa nzito na joto kali, kwa petroli ile ile, litaanza kugonga, na injini inayogonga kwa muda mrefu hutoboka pistoni. Kabureta nayo iliyorekebishwa kwa hewa ya Pwani itakunywesha petroli ya bure ukipanda bara. Kwa hiyo mwenye gari na amweleze fundi waziwazi kama gari lake ni la bara, la Pwani, au la kote kuwili. La kote kuwili liundwe kwa kuiogopa Mombasa.

Yako mambo mengine manne ambayo mwenye gari anaweza kuyasimamia hata kama hajui kushika spana. La kwanza ni urefu wa laina. Kila laina yapasa kuchomoza kidogo sana juu ya bloku, kwa kipimo kilichowekwa na kiwanda, na zote zilingane. Zisipopimwa, gasketi haitabana na maji yataingia kwenye mafuta. La pili ni silinda hedi. Hiyo ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na madini hayo mawili hayapanuki sawasawa yanapopata moto. Kwa hiyo bolti zake zikazwe kwa spana ya kupima mkazo na kwa utaratibu, si kwa nguvu za mkono wa fundi. La tatu ni vikalio vya valvu. Zamani petroli yetu ilikuwa na risasi, ambayo ilivilinda vikalio hivyo. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zilizo kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Maadamu hedi imekwisha kufunguliwa, itiwe vikalio vigumu vinavyostahimili petroli ya leo. La nne ni maji. Rejeta isafishwe hadi ndani na itiwe dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu adui wa hedi ya alumini ni joto, na anayelileta joto ni uchafu.

Je, tunasema kwamba injini isibadilishwe katu? La hasha. Bloku ikipasuka, au krenki ikiharibika pasipo na nyingine ya kupatikana, mtu hawezi kuliacha gari life kwa ajili ya itikadi. Lakini hata hapo pana ngazi za kufuata. Ya kwanza ni kutafuta ndugu wa damu. Peugeot 505, ambayo ilimrithi 504, ilitumia injini ile ile ya 1,971 katika aina zake nyingi za kabureta, nayo huingia mahali pake bila kuligombanisha gari na mfupa wake. Ngazi ya pili ni injini nyingine ya silinda nne za petroli ya ukoo huo huo, kama ile ya gari la mizigo la 504. Ni pale tu ngazi hizo mbili zinapokatika ndipo mtu afikirie ya ukoo mwingine, na hata hapo asikate chuma cha mwili wa gari, ili anayekuja baadaye aweze kurudisha cha kwao. Injini ya asili nayo isiuzwe kwa kilo. Ipakwe mafuta, ifungwe, ihifadhiwe.

Wako watakaotwambia kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba gari ni gari mradi linakwenda. Tungekubaliana nao kama majembe yenyewe yangekuwa bado yanafuliwa. Saluni ya 504 ilikoma kuundwa Ufaransa mwaka 1983, na zile zilizounganishwa Mombasa zimekwisha kuwa hadithi. Zaidi ya hayo, Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kanuni hiyo ina sababu zake, lakini maana yake kwetu ni kwamba hatuwezi kutegemea mengine yaje kutoka nje. Kila 504 inayokatwa kwa gesi ili iingizwe injini isiyolingana nayo ni moja iliyopungua katika hesabu isiyoongezeka.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Mafundi waliojifunza kazi juu ya magari haya, wanaoweza kuisikiliza injini kwa bisibisi iliyotiwa sikioni na kukwambia ni valvu ya silinda ya tatu, wanazeeka. Vijana wao wanajifunza kubadilisha injini nzima, kazi ya kufungua bolti na kufunga bolti, badala ya kuiunda. Taifa ambalo mafundi wake wanajua kubadilisha tu litaendelea kununua daima. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya vyema kununua injini mbili tatu za aina hii, waziweke mezani, na kuwafanya wanafunzi wazifumue na kuzirudisha hadi ziwake. Hakuna mwalimu bora wa umekanika kuliko injini ambayo kila kiungo chake chaweza kushikwa na kupimwa kwa mkono.

Kwa hiyo tunamwomba mwenye gari la kale asimame kidogo kabla ya kutoa ruhusa ya kung'oa. Aandike katika daftari kazi ya gari lake, mahali litakapoendeshwa, na fedha alizo nazo, kisha atenge sehemu yake kwa yale yatakayojitokeza injini ikifunguliwa, kwani hayakosi. Apime kwanza. Atengeneze breki. Amtafute fundi mzee angali hai, na kijana wa kumsaidia fundi huyo, ili kazi na elimu vipatikane kwa malipo mamoja. Akifanya hayo, kuna matumaini makubwa atagundua kwamba injini anayoitaka tayari anayo, imelala kwa ubavu chini ya boneti yake, ikingoja laina nne na subira.